Hesabu ya Fuso haipigwi msimu wa tumbaku

Kwa miaka mingi nimeendesha Fuso za watu hapa Tabora, na kila mwaka msimu wa tumbaku ukifunguka ugonjwa ule ule hunipata. Nakabidhi hesabu kwa bosi, noti zinahesabiwa mbele ya macho yangu, mimi naondoka na mshahara na posho. Njiani kurudi nyumbani, mtaa wa Ng'ambo, kichwa kinaanza: hili gari lingekuwa langu, zile zote zingekuwa zangu. Sidhani kama kuna dereva wa lori asiyeujua ugonjwa huu. Ninaowafahamu waliokimbilia kukopa, wengine wako vizuri, na wengine leo wameshika tena usukani wa gari la mtu huku deni la gari lililokwisha kuuzwa linaendelea kukatwa.

Vijana wananiuliza sana siku hizi kama wanunue au wasinunue. Jibu langu ni refu, ndiyo maana nimeamua kuliandika.

Mwaka ule nilipoamua kulishughulikia jambo hili kwa dhati, nilianza kama kila mtu anavyoanza, yaani kwa kukaa na kalamu mwezi Juni. Tabora hadi Dar kwa njia ya Itigi na Manyoni ni kilomita zaidi ya 800. Fuso ya ekseli mbili ikiwa na mzigo wa tani kumi inakwenda kama kilomita nne kwa lita, kwa hiyo kwenda na kurudi inakunywa lita 400 na kitu. Dizeli wakati huo ilikuwa inacheza kwenye shilingi 3,000, hivyo mafuta peke yake ni kama 1,250,000. Mchele wa kushusha Dar nilikuwa nalipwa shilingi 80 kwa kilo, yaani laki nane. Mzigo wa maduka wa kurudi nao ulikuwa 130 kwa kilo, milioni moja na laki tatu. Jumla milioni mbili na laki moja. Toa mafuta, toa posho ya utingo, chakula, kulala, wapakiaji na dalali, hapo inabaki kama laki sita. Kwa mwezi unapiga tripu nne. Milioni mbili na laki nne! Benki walikuwa wananipigia marejesho ya kama milioni moja na nusu kwa mwezi kwa mkopo wa milioni 40 wa miaka mitatu. Nikaona hapa nimechelewa tu, mambo yako wazi.

Mke wangu ni karani wa chama cha msingi cha tumbaku. Alisoma ile karatasi akaniuliza, "Baba watoto, hii hesabu ni ya mwezi gani?"

Nikamwambia ni ya mwezi huu.

"Na Januari?"

Kisha akaongeza mistari miwili niliyoiruka. Tairi sita za Fuso, kila moja laki sita, ni 3,600,000. Ukizigawa kwa kilomita zinazodumu katika barabara zetu, kila tripu ya Dar inakula kama laki na nusu ya tairi, ingawa siku hiyo hujanunua hata moja. Oili na filta ni laki moja kasoro nyingine kwa tripu. Ile laki sita ikawa laki tatu na nusu. Tripu nne, milioni moja na laki nne. Benki wanataka moja na nusu. Na hapo gari halijaharibika, mtoto hajaugua, na mwezi bado ni Juni.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanaangukia pale pale. Tabora kuanzia Mei hadi Agosti kuna hela. Wakulima wameuza tumbaku Urambo, Kaliua na Sikonge, mpunga umevunwa, watu wanajenga, wenye maduka wanajaza bidhaa, na kila lori lina mzigo wa kwenda na wa kurudi. Ukipiga hesabu ya lori katika miezi hiyo, jibu litakuwa ndiyo hata kama gari ni bovu. Mkopo hauna msimu, lakini mzigo unao.

Nikaamua kwamba kama nataka kujua ukweli, niumiliki ubovu wa mwaka kabla ya kulimiliki gari. Nilimfuata mzee mmoja mstaafu wa Isevya, mwenye Fuso ya injini ya 6D17 iliyokuwa imeegeshwa kwa kukosa dereva wa kuaminika. Nikamwamkia, tukaongea ya mvua na ya wajukuu, kisha nikasema, "Mzee, naomba unipe gari kuanzia Novemba hadi Machi. Nitakuletea laki nane kila mwezi, mzigo upo au haupo. Mafuta, oili, pancha na tairi juu yangu. Injini na gia boksi juu yako."

Alicheka. "Mwanangu, watu wanaomba gari Mei. Wewe unaliomba mvua inaanza?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako, mzee."

Tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kununua ni huo: tafuta gari la mtu ulichukue kwa hesabu katika miezi mibaya. Hasara utakayoipata ni ada ya shule, na ni ndogo kuliko ya benki.

Novemba haikuwa mbaya. Desemba kulikuwa na mzigo wa sikukuu kutoka Dar. Januari ndiyo iliyonifundisha kazi.

Nilipata mzigo wa saruji na mabati kwenda Kigoma, nikaufurahia kwa sababu bei ya kilo ilikuwa nzuri. Bei haipandi bure. Kupitia Kaliua kuelekea Uvinza wakati ule bado kulikuwa na vipande vya udongo, na mvua ya huku ikiamua kunyesha hainyeshi kwa staha. Tulizama mahali ambapo lori lililotutangulia lilikuwa limechimba mtaro. Utingo wangu alikata matawi ya miyombo akayapanga chini ya tairi za nyuma, mimi nikawa naliambia gari twende, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ghafla harufu ikaingia ndani ya kabini. Aliyewahi kuunguza klachi anaijua harufu hiyo, inakaa kooni. Pedali ikawa laini, injini inaunguruma, gari limesimama. Fundi alitoka Kaliua kwa bodaboda akiwa na klachi pleti mgongoni, amezifunga kwa mpira. Pleti, ufundi, usafiri wake na chakula cha siku tulizolala pale vilimaliza faida yote ya saruji na kugusa akiba. Makubaliano yetu na mzee yalitaja injini na gia boksi, klachi hayakuitaja. Tulibishana kwa heshima, tukagawana nusu kwa nusu. Ukiandikishana na mtu, taja kifaa kwa jina lake: klachi, springi, pampu ya dizeli, betri, rejeta. Neno "matengenezo" peke yake ni ugomvi unaosubiri siku yake.

Kigoma nilifika nikitegemea dagaa wa kurudi nao. Nikashuka Kibirizi, nikakuta mitumbwi imetulia na akina mama wanapiga soga. Mwezi ulikuwa mpevu. Mimi ni mtu wa bara, sikuwa nimelitilia maanani hili: dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi hawatoki. Kwa hiyo mzigo wa dagaa unafuata mwezi wa angani. Siku hizi kabla ya kuchukua mzigo wa Kigoma natazama kwanza tarehe za giza. Na kuna kufungwa kwa ziwa pia. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ni jambo jema kwa ziwa, ila mtu aliyekuwa amekopa gari kwa kutegemea dagaa tu alipita miezi mitatu akiangalia tairi zake zikipigwa jua.

Sikutaka kurudi tupu. Nikapakia chumvi Uvinza kwa bei ya kutupa. Chumvi nzito, haiozi, haiibiwi ovyo, na wateja wapo mwaka mzima. Lakini inakula chuma. Nilipoosha gari Tabora na kuinama chini, niliona kwenye chesi, nyuma ya tenki la mafuta, kutu mbichi ya rangi ya chungwa kila mahali maji ya chumvi yalipochuruzika. Tangu hapo, nikibeba chumvi natandika turubai zima chini ya magunia, si vipande, na nikishusha naosha kwa maji mengi siku hiyo hiyo. Na ukienda kununua Fuso, muulize mwenyewe imekuwa ikibeba nini. Akisema chumvi, lala chini yake na tochi.

Nikae kidogo kwenye mzani wa barabarani wa kupimia malori, kwa sababu hapo ndipo wengi wanaotoka kuwa madereva na kuwa wenye gari wanapopigwa. Ukiwa dereva, faini ni ya bosi. Ikiwa yako, inauma kwingine. Tanzania inafuata sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika kwetu Machi 2019. Ekseli ya mbele inaruhusiwa tani 8, ya nyuma yenye tairi nne tani 10, kwa hiyo gari la ekseli mbili mwisho wake ni tani 18 pamoja na uzito wa gari lenyewe. Fuso tupu yenye bodi ya mbao ina tani sita na ushee. Sasa njoo kwenye maharage ya Kasulu. Mfanyabiashara anakwambia magunia mia, kila moja kilo mia. Ukiyatazama yamevimba kichwani, yameshonewa kilemba. Hiyo ni lumbesa. Gunia la kilo mia lina mia na ishirini, na wewe umekubaliana naye nauli kwa gunia. Yaani unabeba tani mbili bure, kisha unazilipia faini mzanini. Mimi sasa nakubaliana kwa kilo, na mzigo unapimwa kabla sijafunga turubai. Wengine wananuna na kwenda kwa gari jingine. Waende. Pia simwachii mpakiaji apange anavyotaka, kwa sababu mzigo ukikaa nyuma sana ekseli ya nyuma inazidi hata kama jumla iko sawa.

Machi ilipoisha tuliketi na mke wangu na daftari lake. Miezi ile mitano, nikishalipa mzee na kila kitu, nilichobaki nacho hakikufika hata mshahara niliokuwa nalipwa na bosi. Lakini haikuwa hasara. Na daftari lilionyesha kitu ambacho karatasi ya Juni isingeweza kukionyesha: tripu zilizonilipa zote zilikuwa zile ambazo mzigo wa kurudi nilikuwa nimeushika kabla sijaondoka. Zile nilizokwenda nikitegemea dalali wa huko huko zilikula faida. Ukifika Dar na gari tupu na njaa, dalali anakuona kwa mbali.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia gari nilitafuta mzigo. Nilizunguka kwa wenye maduka ya jumla hapa mjini ambao nilikuwa nimewabebea kwa kipindi kile bila kupoteza katoni, nikawaomba wanihesabu mimi kwanza wanaponunua Dar. Watatu walikubali. Hatukuandikishana chochote, ni neno tu, ila neno la Mhaya wa duka na la Mwarabu wa vifaa vya ujenzi limenilisha kuliko mkataba wowote.

Mkopo wa benki nikauacha. Nilimfuata mzee nikamwambia naitaka ile ile Fuso. Sababu yangu ni moja: ninaujua ugonjwa wake. Najua inachemka kidogo kwenye kilima ikiwa na mzigo, najua gia ya tatu inagoma asubuhi, najua klachi ni mpya kwa kuwa nusu niliilipia mimi. Gari la kununua kwa mtu baki linapakwa rangi, linavalishwa tairi za kuazima, injini inapashwa moto kabla hujafika. Ukilazimika kununua la namna hiyo, nenda alfajiri uguse injini, iwe ya baridi. Iwashe mwenyewe. Fungua kifuniko cha kujazia oili ikiwa inaunguruma. Moshi ukipuliza kama jiko la kuni, ringi za pistoni zimekwisha. Angalia maji ya rejeta kama yana mafuta. Tazama chesi mahali penye rangi mpya kuliko kwingine, hapo mara nyingi kuna kulehemu. Linganisha namba ya chesi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi. Kagua deni la faini za barabarani kwa namba ya gari, na stika ya bima uihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa sababu karatasi inaweza kuwa nzuri na ikawa haipo kwenye mfumo.

Bei tulikubaliana milioni 36. Nikatoa 20, akiba yangu na ng'ombe wa nyumbani. Iliyobaki nitalipa kwa awamu, nyingi zikiangukia Juni hadi Septemba na ndogo sana wakati wa mvua. Benki isingenipa mpango huo, mzee alinipa kwa sababu alikuwa ameniona nikimletea laki nane Januari.

Hapa pana hatari ambayo watu hawaitazami. Kadi inabaki kwa jina la muuzaji mpaka umalize. Leseni ya usafirishaji ya LATRA iko kwa jina lake, bima iko kwa jina lake, gari likipata ajali fidia inatoka kwa jina lake. Na binadamu hufa. Mzee akifariki kesho, watoto wake watakuja kuchukua gari la baba yao, na mbele ya sheria watakuwa na karatasi kuliko mimi. Nilimweleza hivyo hivyo, kwa adabu. Hakukasirika. Tulikwenda kwa wakili, akasaini yeye, mkewe na mtoto wake mkubwa, kila awamu inapitia benki ili ushahidi ubaki, na kadi inakaa kwa wakili pamoja na fomu ya kuhamisha umiliki. Wakili alichukua laki tatu. Sijawahi kuzijutia.

Jambo la TRA, watu wa kodi, liwahi. Nenda ukakadiriwe kabla hujaanza, uulize na gharama za kubadili umiliki, kwa sababu wengi hudhani bei ya gari ndiyo mwisho. Ada ya gari ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, hiyo unailipa kila unapojaza tenki, lakini mengine yapo.

Msimu wangu wa kwanza wa tumbaku nikiwa na gari langu ulikuwa mzuri kwa kazi na mgumu kwa mfuko. Kubeba kutoka maghala ya vyama kwenda viwandani Morogoro kunatolewa kwa makampuni makubwa, na sisi wa gari moja tunachukuliwa chini yao. Unabeba leo, unajaza mafuta kwa pesa yako leo, na malipo "yako kwenye mchakato". Nilifika mahali nina madai ya tripu kadhaa na sina hela ya dizeli. Mke wangu alikuwa amenionya, kwa kuwa anaona upande wa pili wa karatasi hizo kazini. Tulichofanya ni kubeba tumbaku kwa kiasi ambacho mafuta ya tripu inayofuata tayari yamewekwa kando, na nafasi zinazobaki nabebea wenye maduka wanaolipa gari likishushwa. Mwenye gari moja asipokuwa na fedha ya tripu mbili kibindoni, anamkopesha tajiri bila riba.

Kuna wanaoniuliza kwa nini sikusubiri nikanunua semi, lori kubwa la kuvuta trela, maana Fuso ni ya watoto. Reli ya kisasa, SGR, ya Tabora hadi Kigoma mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, na vipande vya kutoka Makutupora na kwenda Isaka vinapitia hapa hapa. Ikikamilika, makontena, saruji na mafuta vitapanda treni, na hizo ndizo shehena za semi. Maharage yaliyoko ndani Kasulu na mpunga wa Nzega hayatajipeleka stesheni yenyewe, hapo Fuso itakuwa na kazi. Na lami nayo ina mawili. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu imeokoa tairi, ila lami ikifika na magari yanafika, bei ya kilo inateremka. Ukipiga hesabu ya miaka mitatu ya marejesho kwa nauli ya leo, unajidanganya.

Jamaa yangu mmoja, dereva kama mimi, anabishana nami sana juu ya hili la treni. Anasema hata wajenge reli ngapi, semi zitakuwepo. Huenda. Yeye ameshatoa kianzio cha semi.